Shaka ya matokeo inatumaliza sokoni: barua ya wazi kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027

Kwa Mwenyekiti na makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC),
Kwa Mheshimiwa Rais William Ruto,
Kwa viongozi wa upinzani na kila anayejiandaa kuwania urais,
Nakala kwa Inspekta Jenerali wa Polisi.

KUH: MATOKEO YA KURA YA URAIS NA RIZIKI ZETU

Waheshimiwa,

Mimi ni mfanyabiashara wa jumla katika soko la Kongowea, Mombasa. Nauza viazi na vitunguu, na msimu ukifika, machungwa. Viazi vinatoka Nyandarua na Molo, vitunguu vinatoka Loitokitok na ng'ambo ya mpaka, machungwa yanakuja na malori ya Tanga kupitia Lunga Lunga. Kwa hiyo sizungumzi kama mtu wa chama. Hapa sokoni tuko wa UDA, wa ODM, wa Wiper, wa DCP, na wengi ambao hawana chama chochote, na sote mali yetu hulala barabarani usiku ikiwa mikononi mwa madereva. Nchi ikianza kubishana juu ya nani ameshinda, barabara hiyo ndiyo hufungwa kwanza.

Tarehe 10 Agosti 2027 tutapiga kura. Naandika mapema kwa makusudi. Nikingoja mpaka Julai mtakuwa majukwaani, na hapo hakuna atakayesoma barua ya muuza viazi.

Nianze na jambo ambalo huenda huko juu halionekani vizuri. Hasara ya uchaguzi kwetu haianzi siku ya matokeo. Huanza wiki kadhaa kabla, pale familia zenye kwao bara zinapopanda mabasi, mama na watoto wakitangulia, baba akibaki kulinda nyumba. Wanaobaki hununua kwa wasiwasi: unga, mafuta, maharagwe, vitu vya kuweka. Kwa siku chache utadhani biashara imenoga. Kisha kura inapigwa na soko linakauka. Mama mboga wa Bombolulu au Mishomoroni, ambaye alfajiri huja kuchukua nusu gunia la viazi, haji, kwa kuwa nusu ya wateja wake wamesafiri na waliobaki wanakula akiba. Vibanda vya chipsi vimefungwa. Dereva aliyekuwa apakie Ol Kalou anapiga simu kusema mwenye lori amekataa gari litoke mpaka mshindi atangazwe, na siwezi kumlaumu mwenye lori. Gari ni la mkopo, na bima aliyolipia haina kifungu cha ghasia za kisiasa.

Viazi vinavumilia kidogo. Nyanya hazivumilii. Jirani yangu wa kibanda cha pili huuza nyanya za Wundanyi. Agosti 2022, wakati Tume bado inajumlisha kura za urais ukumbini Bomas, Nairobi, nilimtazama akifungua kreti moja baada ya nyingine, akitenga zilizolainika na zile zilizokwisha pasuka na kuanza kutoa maji. Nzuri aliziuza kwa bei ambayo haikurudisha hata nauli ya gari. Zilizobaki akampa mfugaji wa ng'ombe aliyepita na mkokoteni. Wiki hiyohiyo alikuwa na marejesho ya sako, na marejesho hayana habari ya kura. Mahamali nao hulipwa kwa gunia. Gunia lisipoteremshwa, jioni wanarudi nyumbani mikono mitupu. Hawa ndio wa kwanza kulipia shaka yenu, na hakuna takwimu ya serikali inayowahesabu.

Nimesema shaka, na nataka mnielewe vizuri hapo. Baada ya kila uchaguzi wataalamu huulizwa redioni kama wafanyabiashara wameupokea vipi ushindi wa fulani. Swali hilo halitufai. Desemba 2002 Mwai Kibaki alimshinda Uhuru Kenyatta kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura, Uhuru akakubali kushindwa, na Kongowea ikaendelea na kazi. Wapo waliolia hapa na wapo waliocheza ngoma, lakini wote walikuja kununua vitunguu. Mshindi akijulikana na akaaminika, sisi hujipanga. Kinachotuua ni zile siku, na miaka mingine ni miezi, kati ya kura kupigwa na watu kuamini kilichotangazwa.

Sisi wa Pwani tulifunzwa mapema. Agosti 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, na maelfu ya wenzetu wenye asili ya bara wakakimbia nyumba zao. Watalii wakafuta safari. Wafanyakazi wa hoteli za pwani ya kusini wakarudishwa nyumbani, na wauza samaki, wauza madafu na wachonga vinyago wakawafuata. Kura yenyewe ilikuwa bado haijapigwa.

Kisha ikaja 2007. Kura tarehe 27 Desemba, matokeo tarehe 30, na Rais Kibaki akaapishwa Ikulu jioni ileile. Tofauti iliyotangazwa kati yake na Raila Odinga ilikuwa kura 231,728. Mnajua yaliyofuata: zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Reli ikang'olewa Kibera. Uganda na Rwanda zikakosa mafuta kwa kuwa mafuta yao yalikwama huku kwetu. Malori yakawa yanatembea kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi, makontena yakarundikana bandarini, na ndege za kukodi kutoka Ulaya zikaacha kuja katikati ya msimu. Uchumi uliokuwa ukikua kwa takriban asilimia 7 mwaka 2007 ukaporomoka hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Na tume ya Jaji Johann Kriegler ilipochunguza, ilisema uchaguzi ule ulikuwa umevurugika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Watu walikufa kwa ajili ya jibu ambalo halikuwapo.

Mapatano ya tarehe 28 Februari 2008, chini ya Kofi Annan, yalisimamisha mauaji. Hayakurudisha mitaji. Mtaji wa muuza mboga ni wa kuzunguka: leo unanunua, kesho unauza, keshokutwa unarudi kuchukua mzigo mwingine. Ukisimama mwezi mmoja, umekwisha liwa na kodi ya nyumba, karo na chakula. Wako niliowafahamu hapa Kongowea ambao hawakurudi tena sokoni baada ya Januari ile. Walikuwa na uzoefu, wateja na jina zuri. Mtaji ndio uliokuwa umekwisha.

Sasa tazameni 2022. William Ruto alitangazwa kumshinda Raila kwa kura 233,211. Linganisheni na ile tofauti ya 2007. Zinakaribiana mno, pengo la kura 1,483 tu kati ya moja na nyingine, ilhali idadi ya wapiga kura ilikuwa imekua sana. Mwaka mmoja tulizika watu kwa mamia. Mwaka mwingine tulingoja, tukaumia, tukaenda mahakamani, na tarehe 5 Septemba majaji wakaamua kwa kauli moja. Wakenya hawakugeuka malaika katika miaka hiyo 15. Ukubwa wa ushindi haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwaka 2022 fomu 34A, yaani karatasi za matokeo ya urais za vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa kwenye tovuti ya Tume, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kufungua fomu ya kituo chake na kuona kama inalingana na ile iliyobandikwa mlangoni. Nilifungua ya kwangu. Vijana wa hapa sokoni walifungua za Kisauni nzima, wakibishana, lakini wakibishana juu ya karatasi waliyoiona wote.

Bwana Mwenyekiti, hilo ndilo jambo moja kubwa ambalo nchi hii imefanya vizuri, na naipa Tume sifa yake bila kinyongo. Naomba lisirudi nyuma hata hatua moja.

Lakini halikutosha, na nitasema kwa nini. Tume iliweka fomu kisha ikatuachia tujumlishe wenyewe. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha, kila kimoja kwa mpangilio wake, hiki kikimwonyesha huyu mbele na kile yule. Ilipoonekana mkanganyiko unazidi, hesabu zikapunguza kasi, na jambo likawa baya zaidi, maana kimya kilijazwa na uvumi. Siku ya sita, tarehe 15 Agosti, mwenyekiti Wafula Chebukati akiwa anajiandaa kutangaza, makamishna wanne kati ya saba walikuwa hoteli ya Serena wakiwaambia wanahabari kwamba hawayatambui matokeo. Kwa jioni moja nchi ikawa na Rais mteule na tume iliyogawanyika juu yake. Mabishano kati ya makamishna hayakuzaliwa siku ile. Kama kulikuwa na tatizo katika kujumlisha, tulistahili kulisikia siku ya pili au ya tatu, mezani, likiwa na namba na fomu zake.

Na kuna la Mombasa, ambalo wengi wa bara wamelisahau. Uchaguzi wetu wa gavana, pamoja na ule wa Kakamega, haukufanyika tarehe 9 Agosti kwa sababu karatasi za kura zilikuja na makosa. Tulipiga kura ya gavana tarehe 29. Wenzetu walikuwa wamerudi kazini, sisi tukaongezewa karibu wiki tatu za misafara ya kampeni, hofu na wateja waliokawia kurudi kutoka bara. Kosa la kiwanda cha kuchapisha, ambalo mtu mmoja makini angeliona kwa kufungua boksi mapema, lilitugharimu nusu ya mwezi wa Agosti. Nao Agosti ndio mwezi ambao Diani, Watamu na Malindi hupokea wageni.

Mwaka ambao bado unaniumiza kichwa ni 2017, kwa sababu mwaka huo sheria ilifuatwa na bado tuliteseka. Kura tarehe 8 Agosti. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikafuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta dhidi ya Raila kwa wingi wa majaji wanne dhidi ya wawili, jambo ambalo Afrika haikuwa imewahi kuliona kwa rais aliye madarakani. Soko la Hisa la Nairobi likalazimika kusimamisha biashara kwa muda bei zilipoporomoka. Sina hisa hata moja, lakini siku hiyo wateja wangu wawili wakubwa, wenye hoteli, waliniambia nipunguze mzigo mpaka hali ieleweke. Mwenye hoteli akipunguza, mkulima wa Nyandarua naye huambiwa apunguze siku ileile kwa simu.

Wapo waliosema Mahakama ndiyo ilivuruga uchumi. Nawapinga. Mahakama ilifanya kazi yake. Gharama ile ilitoka kwenye fomu zenye dosari na kwenye seva, zile kompyuta za kuhifadhi matokeo, ambazo Tume iliamriwa kuzifungua, isitii agizo ipasavyo. Ingekuwa Tume imezifungua na kueleza, pengine majaji wangeamua vingine, pengine wangeamua vilevile, lakini tusingefika tulikofika: uchaguzi wa marudio tarehe 26 Oktoba ambao Raila alijiondoa, ambao kaunti nne za Nyanza hazikupiga kura, na ambao idadi ya waliojitokeza ilianguka kutoka karibu asilimia 80 hadi chini ya 40. Kiapo kikaja Novemba 28. Upinzani ukawaambia wafuasi wake wasusie bidhaa za Safaricom, Brookside na Bidco. Tarehe 30 Januari 2018 Raila akajiapisha Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi". Salamu za mkono kati yake na Uhuru, zilizowapatanisha, zikaja Machi 9.

Hesabuni wenyewe. Agosti hadi Machi ni miezi saba. Kwa takwimu zilizotolewa wakati ule, ukuaji wa uchumi ulishuka kutoka asilimia 5.9 mwaka 2016 hadi 4.9 mwaka 2017. Ukame ulichangia, na sheria ya kudhibiti riba za benki nayo ilichangia, kwa sababu benki ziliacha kuwakopesha watu kama mimi. Siwezi kuutwika uchaguzi mzigo wote. Lakini mwulizeni yeyote aliyekuwa na duka Mombasa mwaka huo ni kitu gani wateja walikuwa wakikingoja. Hawakuwa wakingoja mvua.

Wakati huu wako wanaosema mizozo ya matokeo imekwisha kwa kuwa Raila Odinga, Mungu amrehemu, alituacha Oktoba 2025 na amezikwa Bondo. Waheshimiwa, msijidanganye. Yeye alikuwa mdomo wa shaka ambayo mamilioni ya watu walikuwa nayo. Shaka haikuzikwa. Na kuna hatari mpya ndani yake: yeye, kwa makosa na mema yake, alikuwa mtu ambaye akisema twende mahakamani watu walikwenda, na akisema turudi nyumbani wengi walirudi. Mwaka 2027 hakuna mwenye uzito huo.

Tume yenyewe nayo ina deni kwetu. Tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 nchi hii haikuwa na makamishna wa uchaguzi. Miaka miwili na nusu! Bwana Erastus Ethekon na wenzako, hamkusababisha pengo hilo, lakini ninyi ndio mnaolirithi. Hamna muda wa kujifunza kazi taratibu. Naomba mfumo wa kupeleka matokeo ujaribiwe hadharani katika kila kaunti, mapema, si mbele ya wanahabari wa Nairobi peke yao. Fomu ijazwe Kwale, ipigwe picha, itumwe, na watu waione ikifika. Intaneti ikikosekana Lungalunga au Lamu, tuonyeshwe fomu itasafirije. Na siku zenyewe zikifika, Tume isituachie milima ya fomu: toeni jumla yenu kila baada ya saa chache, mkieleza vituo gani vimehesabiwa, vipi vimebaki, na kwa nini. Kamishna asiyekubaliana na wenzake aseme siku hiyohiyo, kwa namba. Karatasi za kura za kila kaunti zikaguliwe na mawakala wa wagombea kabla hazijasafirishwa kwenda vituoni. Haya yote yanagharimu fedha, najua. Gharimeni. Kurudia uchaguzi ni ghali zaidi, na sehemu kubwa ya gharama hiyo haipiti Hazina, inapita mifukoni mwetu.

Naomba pia ahadi moja iandikwe na kutiwa saini: intaneti na simu hazitazimwa. Oktoba 2025 nilionja jambo hilo bila hata kupiga kura. Tanzania ilikwenda uchaguzini tarehe 29, wapinzani wakuu wakiwa wamezuiwa kugombea. Maandamano yakazuka, amri ya kutotoka nje ikawekwa Dar es Salaam, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Nilikuwa nafuatilia mzigo wa machungwa kutoka Muheza. Ujumbe wangu wa WhatsApp ukakaa na tiki moja, kesho yake tiki moja, keshokutwa tiki moja. Sikujua kama mzigo umechumwa, kama gari limetoka, kama ndugu yangu yule ni mzima. Matokeo yalipotangazwa, Rais Samia Suluhu Hassan alipewa zaidi ya asilimia 97. Mwezi uliofuata yeye mwenyewe alisema yaliyotokea yameitia nchi doa na huenda yakafanya mikopo ya nje kuwa migumu kupatikana. Tazameni basi: ushindi wa asilimia 97 kule, na hapa kwetu 2022 ushindi wa asilimia 50.49. Ni upi uliosimamisha nchi zaidi? Wingi wa kura haununui utulivu kama watu hawakuona zilivyohesabiwa.

Mheshimiwa Rais, kuna sehemu ambayo Tume haiwezi kuitibu, ni yako. Watu hugombania matokeo kufa na kupona kwa sababu wanajua kalamu ya mshindi inafika hadi jikoni kwao. Siku ulipoapishwa, tarehe 13 Septemba 2022, ulitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi katika bandari ya Mombasa. Changamwe walishangilia, na nilishangilia nao, kwa sababu agizo la awali la kupeleka makontena kwa reli ya SGR lilikuwa limemaliza gereji, yadi za malori na vibanda vya chakula mpaka Mariakani. Siku iliyofuata bei mpya za mafuta zikatangazwa, ruzuku ya petroli imeondolewa, na dizeli, ambayo ndiyo huleta viazi vyangu, imepanda kwa shilingi 25 kwa lita. Furaha ya jana ikaingia kwenye nauli ya lori.

Sisemi ulikosea au ulipatia katika hayo mawili. Nasema kwamba mji mzima uliokaa miaka ukisihi kuhusu bandari yake, kwa mikutano na maandamano, ulipata jibu katika hotuba ya mtu mmoja, na unaweza kunyang'anywa katika hotuba ya mwingine. Kisha tukasikia aliyekuwa naibu wako, Rigathi Gachagua, akiifananisha serikali na kampuni yenye wanahisa, waliopiga kura wale kwanza. Mtu akisikia hivyo na akawa kaunti yake haikupiga kura upande huo, unatarajia akubali vipi kushindwa? Anakuwa hapigi kura ya kumchagua kiongozi. Anapiga kura ya kuokoa barabara yake, soko lake na kazi ya mwanawe. Naomba mambo ya bandari yawekwe kwenye sheria inayopita Bungeni kwa maoni ya wananchi, yasibaki matamko. Na utamke wazi kabla ya kampeni, wewe na kila anayetaka kiti chako, kwamba hakuna kaunti itakayolipishwa kwa kura yake. Mkitamka, tutawakumbusha.

Viongozi wa upinzani, nanyi nawaambia kwa heshima. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kuandamana, na siombi iguswe. Lakini mwaka 2023, kuanzia Machi 20, mliitisha maandamano ya kila Jumatatu na Alhamisi mkidai seva zifunguliwe na bei ya unga ishuke, kesi ya uchaguzi wa 2022 ikiwa imekwisha amuliwa miezi sita nyuma. Watu walikufa katika maandamano yale. Unga haukushuka kwa sababu ya seva. Mkiwa na mashaka safari hii, jipangeni sasa: wekeni wakala aliyefunzwa katika kila kituo, aondoke na nakala ya fomu 34A mkononi, muwe na jumla yenu kamili kabla ya Tume kutangaza. Mgombea asiyeweza kuonyesha fomu zake hana cha kumwambia muuza nyanya afunge kibanda.

Inspekta Jenerali, askari wako wanajua kulinda magari ya kura. Tunaomba wajue kulinda magari ya chakula vilevile. Njia ya Mombasa hadi Malaba iwe na doria usiku na mchana tangu siku ya kura hadi kiapo, na madereva wajulishwe mapema kwa redio mahali palipo salama kulala. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, wenye maduka Nairobi waliporwa huku kijana aliyebeba bendera na chupa ya maji akikabiliwa kwa risasi na vitoa machozi. Mwandamanaji na mwizi si mtu mmoja. Askari anayeshindwa kuwatofautisha anatuharibia mara mbili, maana mtoto anayepigwa risasi ni wa mteja wetu, na duka linaloporwa ni letu.

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwako kwa ombi ambalo halihitaji bajeti. Njoo Kongowea. Usije na jukwaa wala vipaza sauti. Njoo alfajiri siku ya soko, malori yakiteremshwa, ukae na wachuuzi, mahamali na madereva, ulete fomu 34A tupu na mtu wa kompyuta anayeujua mfumo wenu. Tuonyeshe fomu inatokaje darasani Kisauni mpaka meza ya kujumlisha Nairobi, nani anaigusa, na akikosea tutajuaje. Tutakuwa na maswali mengi, mengine makali. Tukipata majibu, madereva watayapeleka Molo, Namanga na Busia kabla ya wiki kwisha. Mimi mwenyewe nitawakusanya watu. Nipe tarehe tu, na isipite Machi 2027.

Wenu,
Mfanyabiashara wa jumla, viazi na vitunguu
Soko la Kongowea, Mombasa